Wafanyabiashara wa Kaskazini Huko Uchina, na Funzo Lao kwa Wanaushirika wa Mbulu na Hanang

Hotuba ya ofisi ya Katibu, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Desturi ya sherehe kama hii ni kuhesabu mambo yaliyotendwa. Hayo Bwana Mwenyekiti ameyaeleza vema, na hesabu zenyewe zimepigwa chapa katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeagizwa kazi nyingine, nayo ni kuwaelezeni habari za biashara ya mbali kabla wajumbe hawajakata shauri juu ya ziada ya mwaka huu.

Shauri lenyewe mwalijua. Je, ziada yote igawanywe kwa wanachama mwezi huu wa Desemba, au sehemu yake iwekwe kwa ajili ya ghala na akiba ya dharura? Twajua uzito wa swali hili. Januari yaja na sare, madaftari na nauli za watoto wa shule, na katika nyumba nyingi za wilaya zetu mbili fedha ya Desemba huwa imekwisha kupangiwa kazi kabla haijapokewa. Mtu asiyelijua jambo hilo hastahili kusema neno juu ya akiba. Sisi twalijua, na hata hivyo twaomba mtusikilize.

MAJIRANI WA ZAMANI

Labda mjumbe atauliza, watu wa Norwei, Uswidi, Denmaki na Ufini wana jambo gani nasi? Jibu halihitaji safari ndefu. Hospitali ya Haydom, ambayo wengi wetu tulizaliwa humo au tulitibiwa humo, ilifunguliwa mwaka 1955 na Misheni ya Kilutheri ya Norwei. Wanorwei waliokuja kufanya kazi huko walikaa kati yetu miaka mingi, wakajifunza Kiswahili, wakalea watoto wao katika vumbi lile lile la Mbulu. Hatimaye hospitali ikawa mikononi mwa Kanisa la wenyeji.

Katika ushirika pia si wageni. Nchi za Kaskazini zilishirikiana na Tanganyika kujenga kituo cha elimu cha Kibaha katika miaka ya 1960, nacho kilikabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 mabwana na mabibi wa ushirika kutoka nchi hizo walifanya kazi Tanzania na Kenya, wakifundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu na elimu ya wanachama. Makatibu wengi wa zamani waliosoma katika Chuo cha Ushirika Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963 na ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu, walizipata faida za msaada huo.

Kwa hiyo tulipotafuta mfano wa wakulima wadogo waliofaulu kuuza mazao yao katika soko kubwa la Uchina, hatukuona ajabu kuukuta kwa hao hao.

WATU WA KASKAZINI KATIKA UCHINA

Biashara yao huko si ya jana. Uswidi iliunda kampuni yake ya kwenda Mashariki mwaka 1731, na Denmaki nayo ilikuwa na kampuni yake. Merikebu zao zilikwenda hata Canton, ambayo leo ni Guangzhou, kuchukua chai, hariri na vyombo vya kaure. Merikebu moja iitwayo Götheborg ilirudi salama kutoka Uchina mwaka 1745, ikaona bandari ya kwao, kisha ikagonga mwamba mlangoni pa bandari na kuzama. Ilikuwa imeyapita mawimbi ya bahari zote. Wanaushirika wenzetu, mbaazi iliyonusurika ukame na wadudu, kisha ikaoza kwa unyevu katika chumba cha nyumba kwa kukosa ghala, imezama mlangoni vile vile.

Serikali mpya ya Uchina ilipoundwa mwaka 1949, Uswidi na Denmaki zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Magharibi kubadilishana nayo mabalozi, mwezi wa Mei mwaka 1950. Ufini ilifuata mwaka huo huo, na Norwei mwaka 1954. Tangu hapo biashara imekua sana. Lakini jambo tunalotaka mlitazame si makampuni makubwa ya magari na simu. Tazameni vyama vya wakulima.

Arla ni chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kilichotokana na kuunganishwa kwa vyama vya Denmaki na Uswidi mwaka 2000. Mwaka 2012 chama hicho cha wafugaji kilinunua sehemu ya hisa katika kampuni kubwa ya maziwa ya Uchina, Mengniu. Danish Crown ni mali ya wafugaji wa nguruwe, nao walifungua kiwanda karibu na Shanghai mwaka 2019. Metsä ya Ufini ni mali ya maelfu mengi ya watu wenye misitu, wengine wakiwa na kipande kidogo tu, nao huuza malighafi ya karatasi Uchina. Katika vyama hivyo mwenye mali ni mkulima.

Walifikaje hapo? Katika miaka ya 1870 nafaka ya Marekani na ya Urusi ilijaa katika masoko ya Ulaya, bei ikaanguka, na mkulima wa Denmaki akaona kwamba ngano yake haimlishi tena. Akageukia maziwa. Lakini mwenye ng'ombe watatu hawezi kununua mashine ya kutenga mafuta ya maziwa. Mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding, wafugaji walijenga kiwanda cha siagi kwa mkopo waliouchukua kwa pamoja, kila mmoja akiwa mdhamini wa mwenzake. Desturi iliyoenea katika viwanda vya namna hiyo ilikuwa kupiga kura kwa kichwa cha mtu, si kwa hesabu ya ng'ombe. Muda si muda siagi ya Denmaki ikajulikana Uingereza kwa ubora ule ule, kopo baada ya kopo, mwaka baada ya mwaka. Hao hawakuwa matajiri walipoanza. Utajiri ulikuja nyuma ya ushirika wao.

DESTURI YAO YA MWISHO WA MWAKA

Watu wa Kaskazini waishio Beijing na Shanghai kwa ajili ya biashara wana vyama vyao vya wafanyabiashara. Desemba kwao ni mwezi wa giza na baridi, nao hupenda kukusanyika. Waswidi huiadhimisha siku ya Lusia tarehe 13 Desemba kwa mishumaa na nyimbo, kisha hufuata karamu za Krismasi. Lakini katika mikutano ya vyama hivyo hawali tu. Hupeana habari. Ni sheria gani ya forodha imebadilika? Ni bandari gani ina msongamano? Wanunuzi wamekuwa wepesi au wazito? Watu hao hushindana siku nyingine zote, walakini wamefahamu kwamba mgeni asiyepata habari katika nchi ya watu huuza kwa kubahatisha.

Tena wamejifunza kuishi kwa kalenda mbili. Hesabu hufungwa tarehe 31 Desemba, lakini mwaka wa Wachina kwa desturi yao huanza kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Wiki nyingi kabla ya sikukuu hiyo watu hununua sana chakula na zawadi. Sikukuu ikifika, viwanda hufungwa na wafanyakazi hurudi vijijini kwao. Mwenye kutaka kuuza humo hana budi kuwa na mali yake njiani mapema. Bidhaa ikichelewa, yaweza kukuta milango imefungwa.

Hapa kwetu mambo ni kinyume. Chama cha msingi kimoja chaweza kuuza kwa bei fulani, na jirani yake wa ng'ambo ya mlima asiipate habari hiyo mpaka mnunuzi amekwisha pita kwake na kununua kwa bei ya chini. Hatuna mshindani miongoni mwetu, na bado twafichana. Mnunuzi mwenye pikipiki na simu ajua bei ya vijiji kumi; sisi wenye vijiji twajua ya kimoja.

HATARI YA MNUNUZI MMOJA

Ingekuwa si haki kuwasifia soko la Uchina tu bila kueleza maumivu yake.

Mwaka 2010 Tuzo ya Nobel ya Amani, ambayo hutolewa Norwei, alipewa Mchina aliyekuwa gerezani, Liu Xiaobo. Serikali ya Uchina ilichukizwa, na wauzaji wa samaki aina ya samoni wa Norwei waliona soko lao likiwa gumu kwa miaka, hata nchi hizo mbili zilipopatana tena mwezi wa Desemba mwaka 2016. Mvuvi hakutoa tuzo, lakini alilipa gharama.

Wafugaji wa nguruwe nao waliona jambo jingine. Homa ya nguruwe ilipoingia Uchina mwaka 2018, nchi hiyo ilinunua nyama nyingi mno kutoka nje. Mifugo yake ilipopona, manunuzi yakapungua. Aliyedhani neema ile ni ya kudumu alijidanganya.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Wafugaji wa Denmaki walikuwa na chama chao kilichouza kwa mnada ngozi za mnyama mdogo aitwaye minki, na wanunuzi wakubwa walikuwa Wachina. Mwezi wa Novemba mwaka 2020, kwa hofu ya ugonjwa wa korona, Serikali ya Denmaki iliamuru wanyama hao wauawe wote, zaidi ya milioni 15. Chama kilichojengwa kwa miaka mingi kikatangaza kwamba kitafunga milango.

Je, sisi hatuyajui hayo? Twayajua kwa jina la mbaazi. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi inayoingia nchini mwake, na sisi tulikuwa tumeitegemea India peke yake. Bei iliporomoka hata baadhi ya wakulima wakaona gharama ya kuvuna yazidi bei ya kuuza. Mwaka 2021 India ilifungua tena mlango, lakini aliyekwisha kuuza ng'ombe wake kulipa deni hakurudishiwa. Neno la Serikali ya mbali, lililosemwa kwa lugha tusiyoijua, liliingia mpaka chunguni mwetu.

MLANGO ULIOFUNGULIWA

Sasa tutazame fursa. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 Uchina imeondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zote zinazotoka katika nchi zenye maendeleo madogo kabisa zilizo na ubalozi nayo, na Tanzania imo. Hapo kabla, mwaka 2020, ilikubaliwa soya yetu iingie, na mwezi wa Novemba mwaka 2022 yakafuata makubaliano ya parachichi. Ufuta wa Tanzania umekuwa ukinunuliwa na Uchina kuliko nchi nyingine yoyote.

Walakini kuondolewa ushuru si kuondolewa masharti. Mazao mengi ya shamba huhitaji mapatano maalumu ya afya ya mimea, zao kwa zao. Tangu tarehe 1 Januari 2022 watengenezaji na watunzaji wa vyakula viendavyo Uchina wapaswa kuandikishwa kwa mamlaka ya forodha ya huko. Mzigo wenye udongo, wadudu au mbegu za magugu hurudishwa. Mlango umefunguliwa, lakini mlangoni yupo bawabu, naye hutazama ghala kabla ya kutazama mkulima.

Tena Uchina si mnunuzi tu. Ni mshindani pia. Wakulima wa vitunguu saumu wa Bashay na kwingineko Mbulu na wasikie hili: karibu robo tatu ya vitunguu saumu vya dunia nzima hulimwa Uchina. Wilaya moja ya jimbo la Shandong, iitwayo Jinxiang, ni mashuhuri kwa zao hilo na kwa maghala yake ya baridi. Mkulima wa huko aweza kuweka vitunguu vyake miezi mingi akingoja bei. Wetu hungoja siku chache, kisha huuza kwa yeyote aliyefika na lori. Nairobi vitunguu vyetu na vyao hukutana katika soko moja. Mkulima wetu hapungukiwi bidii; wazee wa Kainam walikuwa wakilima matuta na kutumia samadi kabla hajaja bwana shamba yeyote. Tofauti ni paa la ghala na uwezo wa kungoja.

LUMBESA

Kuna hasara nyingine isiyohitaji kuvuka bahari. Sheria ya vipimo hairuhusu lumbesa, nasi twaifahamu. Tuseme mkulima ameuza magunia kumi, na kila gunia limeongezwa kilo 20 juu ya kilo 100. Ametoa kilo 200 bure, yaani magunia mawili kamili. Aliyefanya hivyo kwa miaka kumi ametoa magunia 20, bila risiti wala asante. Mizani ya chama, iliyopimwa na kupigwa mhuri na maofisa wa vipimo, hulipa gharama yake upesi kuliko chombo kingine chochote tulicho nacho.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekwa kwa Sheria ya mwaka 2005, na minada inayoendeshwa kwa Soko la Bidhaa Tanzania, vimekusudiwa kumwezesha mkulima kuweka mazao, kupimiwa kwa haki, na kuuza mbele ya wanunuzi wengi kwa pamoja. Lakini mfumo huo hauwezi kumfaa mtu ambaye ghala lililo karibu naye liko mbali mno, wala mtu aliyekwisha kuuza mazao yangali shambani kwa sababu ya shida ya siku moja.

SHAURI LILILO MBELE YETU

Ndugu wajumbe, sasa twafika kwenye ziada. Ofisi ya Katibu yapendekeza mambo matatu.

Kwanza, sehemu kubwa ya ziada ilipwe kwa wanachama kabla ya Krismasi, ili Januari isimkute mtu mikono mitupu. Sehemu itakayobaki ijenge ghala lenye sakafu ya saruji, chaga za mbao na mizani, mahali ambapo vyama vya Mbulu na vya Hanang vyaweza kufika vyote.

Pili, sehemu ndogo iwe akiba ya dharura. Tarehe 3 Desemba 2023, katika mwezi kama huu, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Taifa lilikuja kusaidia, nasi twashukuru. Lakini mjane aliyebaki na shamba lililojaa mawe alihitaji mbegu na jembe kwa msimu uliokuwa umekwisha kuanza, na msaada kama huo yafaa utoke kwa jirani mwenye akiba, upesi.

Tatu, kila Jumatatu vyama vyote vya msingi vipashane bei kwa simu kupitia ofisi hii, na bei hizo zibandikwe ubaoni. Jambo hili halina gharama. Lahitaji kuaminiana tu.

Twajua neno lililomo mioyoni mwa wengi, nalo si neno la kupuuzwa. Mwasema, fedha ya ushirika iliwahi kuliwa. Ni kweli, historia ya ushirika katika nchi hii ina kurasa za wizi, nayo ina ukurasa wa mwaka 1976, Vyama Vikuu vilipovunjwa vyote kwa amri, visirudishwe ila kwa Sheria ya mwaka 1982. Mzee aliyeyaona hayo akisema “Nipe changu leo,” hana choyo, ana kumbukumbu.

Jibu letu si kumwomba atuamini. Jibu letu ni kwamba fedha ya ghala na ya akiba ikae katika hesabu ya benki iliyo peke yake. Isitolewe ila kwa sahihi tatu, mojawapo ikiwa ya mjumbe kutoka Mbulu na nyingine ya mjumbe kutoka Hanang. Taarifa yake ibandikwe kila mwezi katika ubao wa kila chama cha msingi, kwa Kiswahili ambacho kila mtu aweza kukisoma. Na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika liikague kila mwaka. Mwezi ambao taarifa haikubandikwa, wanachama wawe na haki ya kuja ofisini kwetu siku hiyo hiyo na kuuliza, wala pasiwe na mtu wa kuwarudisha mlangoni.

Wafugaji wa Hjedding walidhaminiana kwa sababu waliviona vitabu vyao. Nasi twaomba kupewa kazi kwa sharti hilo hilo. Tukikubaliwa, msimu ujao mnunuzi wa India, wa Uchina au wa Arusha atakuta mazao yetu yamepimwa, yamekauka, yamepangwa kwa daraja, na wenyewe wanaweza kumwambia ngoja. Tusipokubaliwa, tutatii kura yenu na kugawa ziada yote kwa haki, kwa maana chama ni chenu.

Bwana Mwenyekiti, masanduku ya kura yako tayari, na majina ya wajumbe yataitwa kwa kufuata orodha ya vyama vya msingi. Kila mmoja apige kura yake kwa niaba ya wale waliomtuma.

Udumu Ushirika.